Nani Amekuambia?

Nkt! Ati maji yanapotea siku tano, na ukiuliza nani amesema unajibiwa, "Iko kwa grupu." Kwisha. Siku hizi grupu ndiyo mzee wa mtaa, ndiyo daktari, ndiyo hakimu, na mvua ikichelewa ndiyo mtabiri wa hali ya hewa. Juzi ujumbe huo wa maji uliingia mchana hapa mtaani kwetu Tena, Nairobi. Kufikia saa kumi mitungi ya lita ishirini ilikuwa imeshapanda bei, watu wa mikokoteni wameanza kuringa, na keateka wa ploti ya nyuma anatukanana na wapangaji waliokuwa wakijaza hadi sufuria za kuazima.

Tuna baze yetu hapa, si mbali na barabara ya Outering, kando ya kibanda cha fundi wa viatu: benchi moja la mbao, mawe mawili, na ndoo iliyopinduliwa ya anayechelewa. Fundi hana pupa ya simu. Anaweka bando Jumapili tu, aone matokeo ya mpira. Siku hiyo aliomba simu ya kijana wa boda, akaisukuma mbali na macho kwa urefu wa mkono, akasoma polepole midomo ikitembea.

"Hapa wamesema Jumatano tarehe kumi na nne. Mwezi huu tarehe kumi na nne ni siku gani?"

Kimya. Mama wa chapati akainuka kuangalia kalenda aliyoitundika kwa msumari nyuma ya jiko. Jumamosi. Ujumbe ulikuwa wa zamani, umefufuliwa na mtu asiyejulikana, ukaja mpaka kwetu na vile vishale viwili juu yake vya kuonyesha umepita mikono mingi. Watu walikuwa wameshanunua maji. Wa mkokoteni hakurudisha pesa ya mtu, na mimi simlaumu.

Vishale vyenyewe si mapambo. WhatsApp walivileta baada ya kuona uongo unakimbia kuliko wanaoufukuza. Januari 2019 wakaweka kikomo kwamba ujumbe unaweza kutumwa mbele kwa watu au magrupu matano tu kwa mpigo. Aprili 2020, corona ikiwa imepamba moto, wakakaza zaidi: ujumbe uliokwisha kupitishwa mara nyingi upelekwe mahali pamoja kwa wakati mmoja. Sawa, ni kazi nzuri. Lakini kampuni imepunguza mwendo tu. Swali la Fundi haikuuliza, na haiwezi kumuulizia.

Msinielewe vibaya, sisemi baze ndiyo makao makuu ya ukweli. Aka! Hapa tuna waongo wa kuzaliwa. Kuna mmoja kila uchaguzi ukiisha anakuambia alichokula rais asubuhi hiyo na aliyempigia simu akiwa bado anatafuna. Lakini mwongo wa baze ana makalio, na makalio yake yana nafasi yake kwenye benchi. Kesho atakuja. Akikaa tu, kuna mtu atamgeukia: "Wewe si ulisema?" Hiyo "wewe si ulisema" ndiyo imemfundisha kuanza habari zake kwa "sina uhakika, lakini," na anayemjua anajua apunguze kiasi gani. Kwenye grupu mtu anamwaga habari, anamalizia kwa "nimetuma kama nilivyopokea," anaweka mikono miwili ya maombi, analala. Amejivua kabla hajavaa. Ukimuuliza anasema yeye hakuandika. Ukimtafuta aliyeandika, ni nambari isiyo na jina, na yeye pia alipokea.

Mnaikumbuka chai ya Machi 2020? Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona tarehe 13 mwezi huo. Kabla mwezi haujaisha, usiku, simu zikaanza kulia sehemu nyingi za nchi. Mama anampigia mwanawe Nairobi, shangazi anapiga mlango wa jirani: amkeni, mnywe chai ya rangi, kali, bila sukari, kabla hakujapambazuka. Mtoto mchanga amezaliwa akaongea, akataja dawa. Kila aliyesimulia alimzalisha mtoto huyo mahali pake. Watu wazima, wenye vyeti, wakawasha jiko usiku wa manane wakanywa strungi na watoto wao wakisinzia. Mama wa chapati anakiri bila haya kwamba alikunywa vikombe viwili. "Mama yangu ndiye alipiga. Ningemwambia nini, ati anipe ushahidi?"

Hapo ndipo wataalamu wa kukemea uongo wanapotukosea. Wanadhani watu walikuwa wajinga. Watu walikuwa na hofu, hospitali hazikuwa na jibu, na habari ilikuja kwa sauti ya mtu anayewapenda. Chai haina madhara, gharama yake ni majani na mafuta ya taa, na ukikataa halafu ukaugua utasemaje? Nani angengoja daktari saa tisa usiku? Tabu ni kwamba mlango uliopitisha chai ulipitisha na mengine mabaya zaidi, na hayo hayakuja na sukari wala bila sukari.

Kwa upande mwingine kuna jamaa wa kutengeneza simu, kibanda cha pili. Huyu hajakaa darasa la ufundi hata siku moja, na anabadilisha sehemu ya kuchajia kwa muda usiomaliza chai. Ukimuuliza alijifunza wapi anasema, "Wahindi wa YouTube." Alikuwa akisimamisha video, anarudisha nyuma, anatazama mkono wa yule bwana: risasi inayeyuka lini, kifaa kinashikwa pembe gani, hewa ya moto inapulizwa kutoka umbali gani. Lugha hakuielewa, ila mkono aliuelewa. Akaharibu simu mbovu alizonunua kwa kilo, moja baada ya nyingine, mpaka zikaacha kuharibika. Sasa huo ni ujuzi kamili, na umetoka kwenye intaneti hiyo hiyo inayotuletea maji ya uongo. Mbona huu ukashika? Kwa sababu simu haimbembelezi. Ukiichomelea vibaya, haiwaki. Inakujibu papo hapo, mbele ya mwenyewe, na mwenyewe amesimama mikono kiunoni.

Nilimuuliza kwa nini na yeye asirekodi zake, maana kuna mambo ya hapa ambayo yule Mhindi hayajui: stimu ikipotea katikati ya kazi unafanyaje, vipuri bandia vya barabara ya Luthuli mjini unavijuaje. Akanitazama kwa huruma. "Nikiweka mtandaoni leo, kesho kuna vibanda vitatu hapa." Naye ana haki yake. Wanaohubiri kwamba maarifa yagawiwe bure mara nyingi mshahara wao unaingia mwisho wa mwezi. Yeye amelipa kwa simu alizounguza. Alikunywa kisima cha watu, ndiyo, lakini ndoo yake anaifunika, na sioni sababu ya kumtukana kwa hilo.

Swali hilo la nani anatoa na nani anavuna liko hata kwenye jambo ambalo Nairobi tunalisifia, ramani ya matatu. Kwa miaka na miaka jiji hili lilibebwa na matatu bila ramani hata moja iliyokamilika. Njia zote zilikuwa kwenye vichwa vya madereva na makanga, na vya mama aliyejua ashuke wapi apande lipi ili asilipe mara mbili. Basi watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwemo Peter Waiganjo Wagacha, wakaungana na Sarah Williams wa MIT na Jacqueline Klopp wa Columbia, pamoja na kampuni ndogo ya Groupshot. Wakawapa wanafunzi simu, wakawaambia pandeni. Wakapanda. Wakabonyeza kila gari liliposimama, wakaandika jina la steji kama wenyewe wanavyoliita. Steji nyingi hazina kibao wala kibanda. Jina ni kanisa lililo karibu, au kituo cha petroli, au mti ambao pengine ulishakatwa. Wakatoka na njia zaidi ya 130. Ramani ilitolewa Januari 2014, imechorwa kwa rangi kama zile za treni za chini ya ardhi za Ulaya, na serikali ya kaunti ikaipokea iwe ramani rasmi ya jiji.

Jambo lililonifurahisha mimi ni lile lililowatesa. Mfumo wa kuhifadhi habari za usafiri, ambao Google na miji mingine huutumia, ulianzia Portland, Marekani, mwaka 2005, kwa mabasi yenye ratiba. Basi linaondoka saa mbili na dakika saba, linafika saa mbili na dakika ishirini. Sasa uulize makanga wa hapa gari linaondoka saa ngapi. Atakuambia, "Bado mmoja, mmoja tu!" na mmoja huyo ni wanne. Matatu haina saa, ina kujaa. Ikabidi mfumo ulegezwe, ukubali gari lisilo na ratiba na steji inayohama. Yaani si kila mara ni sisi tunaokatwa miguu tutoshe kitanda cha wenyewe. Mara hii kitanda kilirefushwa. Takwimu zenyewe zikaachwa wazi kwa kila mtu, na mwaka 2015 Google ikaweka njia za matatu za Nairobi kwenye ramani yake.

Nkt, lakini makanga? Nimewahi kumueleza mmoja hadithi hii yote gari likingoja abiria. Akasikiliza hadi mwisho. "Kwa hivyo walitulipa nauli wakachukua kazi." Nikamwambia hawakuchukua, waliandika tu. Akacheka. "Sasa kwa simu, njia yangu ya kukwepa karao iko?" Haiko. Ramani ina njia; haina jioni ya mvua, wala msako wa trafiki, wala siku dereva anapoamua mwisho wa safari ni hapa, shukeni mtembee. Wala haikujua kwamba baadaye Outering ingechimbwa, ipanuliwe, iwekewe madaraja ya kuvukia, na steji zilizoandikwa kwa jasho la wanafunzi zihame. Mtaa wote wa Tena ulilazimika kujifunza upya mahali pa kusimama, na tulijifunza kwa kuulizana barabarani, vumbi mdomoni. Aliyekuwa akiisahihisha ramani kila asubuhi ni makanga yule yule, kwa sauti, akining'inia mlangoni, bila jina lake kuandikwa popote.

Ndiyo maana nikisikia watu wakijivunia Ushahidi, kile chombo cha mtandaoni cha kuweka matukio kwenye ramani, nawauliza wanajivunia kipi. Historia yake mnaijua. Tarehe 30 Desemba 2007 matokeo ya urais yalitangazwa, nchi ikaanza kuungua, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Ory Okolloh alikuwa akiandika mtandaoni yanayotokea, watu wakimtumia habari mpaka zikamzidi. Akauliza hadharani kama kuna mafundi wa programu wa kuweka habari hizo kwenye ramani. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengine wakaitikia, na kabla ya katikati ya Januari 2008 chombo kilikuwa kinafanya kazi: mtu anatuma ujumbe mfupi au anaandika mtandaoni, tukio linawekwa mahali pake kwenye ramani. Miaka miwili baadaye, tetemeko lilipoivunja Haiti Januari 2010, chombo hicho hicho kikatumika huko. Mtoto wa Nairobi akaenda kusaidia ng'ambo. Tupige makofi, inafaa.

Ila wanaosimulia huishia kwenye simu na ramani, wakiruka kazi chafu ya katikati. Habari hazikupandishwa hivi hivi. Kuna watu walikaa wakizilinganisha, wakipiga simu, wakiuliza mashirika yaliyoko penye tukio kama ni kweli. Bila hao ungekuwa na ramani ya uvumi, na katika Januari ile ya 2008 uvumi ulikuwa unaua. Hata hivyo, ramani ile ilionyesha zaidi pale palipokuwa na simu yenye kredo na mtu mwenye nguvu ya kuandika. Palipowaka zaidi, mara nyingi mtu alikuwa anakimbia. Tume ya Jaji Waki ya kuchunguza ghasia zile ilipokuja kukaa na kusikiliza watu kwa kiapo, uso kwa uso, ndipo Oktoba 2008 ikaandika waliokufa 1,133. Kimoja kilifika haraka, kingine kilifika kikiwa kimeulizwa maswali. Mimi nataka vyote viwili, lakini ukinilazimisha nichague, nitachagua kile kilichoulizwa.

Na vijana wetu wa maandamano ya Juni 2024 walinishangaza hapo hapo, kwenye kuulizana. Sisi wazee wa baze tulizoea siasa ya mdomo: fulani kasema, fulani kala. Wao wakaja na mswada. Mswada wa Fedha wa mwaka huo, Kiingereza cha kisheria kinachokwaruza koo, na wamo ndani yake. Kijana wa boda, huyu huyu wa ujumbe wa maji, alikuja asubuhi akasema mkate utatozwa kodi ya asilimia 16. Fundi, kwa mazoea yake: "Nani amekuambia?" Kijana hakusema grupu. Alifungua simu, akatafuta ukurasa, akamwekea mzee kidole juu ya mstari. Nilipiga kimya. Tangu nianze kukaa pale sikuwahi kuona mtu akiulizwa swali hilo akajibu kwa kifungu.

Mjadala ukabadilika hata harufu. Kodi ya magari asilimia 2.5 ya thamani, isipungue shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000: je, pikipiki zimo? Watu wakasoma. Nepi za watoto na ushuru wa mazingira: ni za kutoka nje tu au hata za hapa? Serikali ikisema hivi, wao wanasema tuonyeshe imeandikwa wapi. Mtandaoni kulikuwa na wasichana wakieleza vifungu kwa Kikuyu, kwa Dholuo, kwa Kikalenjin, na kwa Kiswahili cha mtaani kinachoeleweka hadi kwa keateka. Mafundi wa programu wakatengeneza mashine ya kujibu maswali: unaiandikia biashara yako, inakuambia kifungu kipi kinakugusa. Mama wa chapati aliomba aandikiwe "unga na mafuta ya kupikia," akasomewa jibu, akasema hiyo mashine imwambie mbunge pia, maana huenda yeye hajasoma.

Uongo ulikuwepo, sitawadanganya. Kulikuwa na orodha za kodi zilizotungwa, zenye vitu ambavyo mswada haukuvigusa, na zingine zilizungusha kodi ya mkate hata baada ya kamati ya fedha kutangaza tarehe 18 Juni kwamba imeiondoa. Lakini safari hii orodha za uongo zilikutana na watu wenye karatasi mkononi. Anayetuma anajibiwa chini yake, mbele ya watu, na nambari ya ukurasa. Kwa wiki kadhaa mtandao ulikuwa na makalio. Tarehe 25 Juni wabunge 195 wakaupitisha mswada, 106 wakaukataa, vijana wakaingia bungeni, risasi zikalia. Siku iliyofuata rais akasema hatautia saini. Kufikia tarehe mosi Julai Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu maiti 39. Hao walikuwa wamesoma.

Kuna watu walisema baadaye kwamba vijana walipotoshwa na mitandao. Nkt! Kupotoshwa na kipi, na mswada wenyewe? Waliotumia maneno hayo hawakutuonyesha kifungu kilichosomwa vibaya. Wanaogopa uongo wa mtandaoni pale tu ukweli wa mtandaoni unapowauma. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 ilipotungwa iliweza kumtoza mtu hadi shilingi milioni tano, au kifungo, kwa kueneza habari za uongo, na siamini ilitengenezwa kwa ajili ya yule anayetuuzia maji ya uongo.

Lakini linalonisonyesha zaidi ni jingine. Ile kazi yote ya kusoma, kutafsiri, kueleza na kujibu maswali ilifanywa na watu wasiolipwa, kwa bando zao, usiku. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Halafu mswada unaomtoza kodi mama wa chapati unaletwa kwa Kiingereza ambacho mawakili wenyewe wanagombania maana yake, na raia anaambiwa atoe maoni. Maoni juu ya nini? Wenye kutoza wana makarani, wana wafasiri, wana matbaa. Msichana wa TikTok alikuwa na taa ya mviringo na kikombe cha uji.

Mwaka wa fedha huisha Juni 30, kwa hivyo kila mwaka kabla ya siku hiyo kuna mswada mwingine. Uletwe na Kiswahili chake, siku hiyo hiyo, kurasa zimehesabiwa. Nakala moja tu ikifika Tena inatosha. Fundi atatusomea, na kijana wa boda atambishia.